Mi ndo nilikuwa nashika daftari

Watu wakisikia nimesoma sanaa za maonyesho chuoni swali la kwanza ni lile lile, kwa hiyo we ni mwigizaji, tumekuona kwenye tamthilia gani? Nikiwaambia hapana, kozi iliyonifunza zaidi kuliko zote mi nilikuwa nashika daftari, naona kabisa mtu anavyonionea huruma, kama vile nimesema nilikuwa nafagia ukumbi. Basi leo ngoja nielezee hiyo kazi ya daftari, maana naona madogo wanaoingia fani hii wanakimbilia kuwa mastaa na hakuna anayewaambia mchezo wa kutunga pamoja unatengenezwaje.

Ilikuwa mwaka wa mwisho, chuo kimoja hapa Dodoma, kozi ya tamthilia ya kisasa. Miaka ya mwanzo tulikuwa tunapewa skripti, unagawiwa uhusika, unakariri, mwongozaji anakwambia simama pale. Hii ilikuja tofauti. Hamna skripti, hamna mwongozaji, mko watu kumi na wanne, mtafute jambo kutoka mahali mnapoishi, mlitengeneze wenyewe mpaka liwe onyesho lisilozidi saa moja, alama nusu za kikundi na nusu za mtu mmoja mmoja. Lekcha wetu alisema hivyo akafunga begi lake akatuacha. Siku ile tulifurahi kweli, tukaona hii ni dezo.

Sasa si unajua Dodoma ni mji wa Bunge, na sijui ni hewa au ni nini, lakini wanafunzi wa hapa ukiwaacha wenyewe kwenye chumba baada ya robo saa wameshachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Sisi pia. Vikao vyetu vya mwanzo vilikuwa na ajenda, kuna mtu anasema "mheshimiwa mwenyekiti naomba niunge mkono hoja", mwingine anaomba mwongozo, watu wanacheka lakini wanaendelea hivyo hivyo. Tukajadili rushwa, ukimwi, mapenzi ya chuo, wamachinga, tukajadili tena rushwa. Mi kwa vile nina mwandiko unaosomeka nikapewa ukatibu, ndo nikaanza kuandika muhtasari, kurasa na kurasa za fulani alisema na fulani akajibu. Lekcha alipokuja kuangalia tumefika wapi mwenyekiti akasimama kumwelezea wazo, akaeleza vizuri tu, kwa hoja kabisa. Mama wa watu akamsikiliza mpaka mwisho halafu akasema, "Sawa baba, nimekuelewa. Sasa usiniambie, nionyesheni." Tukaangaliana. Hamna aliyenyanyuka.

Akatuwekea sharti moja ambalo mpaka leo nalitumia: wazo lolote likishasemwa kwa dakika moja lazima mtu asimame alifanye kwa mwili, hata kama litatoka vibaya, na asiyekuwa tayari kusimama wazo lake linakufa hapo hapo. Akachukua ule muhtasari wangu akaupitia akanirudishia, akasema umeandika walichosema, kesho andika walichofanya. Ukatibu ukaishia hapo, daftari likaanza.

Mada yenyewe wala haikutoka kwenye kikao. Wengi wetu tulikuwa tumepanga mageto Ng'ong'ona, na mgao wa maji ukija usiku watu hawapangi foleni wenyewe, wanapanga madumu. Unaweka dumu lako la lita 20 kwenye mstari unarudi kulala, dumu ndo wewe. Kila dumu lina alama yake, kuna lililofungwa kitambaa chekundu kwenye mkono, kuna la kifuniko cha mfuko wa nailoni, kuna lililoandikwa jina kwa rangi ya kucha. Na asubuhi ukikuta dumu lako limerudi nyuma nafasi tatu utamuuliza nani, maana kila mtu alikuwa amelala. Siku hiyo mtu alikuja mazoezini kachelewa ana hasira kwa sababu ya hiyo hiyo foleni, akaanza kusimulia, tukamkumbusha sharti la dakika moja, tukachukua viti vya darasani tukavifanya madumu tukamwambia haya onyesha.

Hapo ndo nikamwona dada mmoja wa Kondoa ambaye kwenye vikao vyote hakuwahi kunyanyua mkono. Wengine walikuwa wanaigiza ugomvi, wanapayuka, wanasukumana mabega, kelele tupu. Yeye alipita pembeni polepole, akasimama karibu na kiti, akanyoosha shingo akaangalia juu kama mtu anayetafuta mawingu ya mvua, na huku juu anaangalia mawingu mguu wa kulia unasukuma kiti cha mwenzake nyuma, kidogo, kidogo tena, halafu cha kwake anakivuta mbele kwa kisigino. Uso wake ulikuwa na amani kama wa mtu anayetoka kusali. Darasa zima tuliangua kicheko halafu kicheko kikakatika, kila mtu akikumbuka kisigino chake. Mchezo wetu wote ulizaliwa hapo, na hakuna neno lililosemwa.

Kesho yake tukamwambia rudia. Akashindwa. Akasukuma kwa mguu mwingine, akaangalia chini, akatia na tabasamu, ikawa kichekesho cha kawaida tu. Jamaa mmoja akasema msijali nilirekodi kwa simu, tukaangalia, video ilikuwa imechukuliwa kutoka ubavuni, mguu unaonekana lakini uso hauonekani, na aliyerekodi alihamisha simu kwenda kwa waliokuwa wanapiga kelele maana aliona huko ndo kuna tukio. Nikafungua daftari. Nilikuwa nimeandika: alisimama kushoto kwa kiti, shingo juu KWANZA, mguu ukafuata baadaye, kulia, mara tatu, pumzi ilitoka kwenye ile ya tatu, cha kwake alivuta kwa kisigino bila kukigeukia. Nikamsomea. Akafumba macho akasikiliza, akafanya, ikarudi ile ile. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniuliza tena kwa nini siigizi.

Kwenye aina hii ya kazi mazoezi ni kama maji yenyewe ya mgao, usipokinga yamepita. Watu wanadhani tatizo litakuwa kukosa mawazo, kumbe watu kumi na wanne wakiamka na kuchezacheza kwa saa mbili wanatoa vitu vizuri vingi mno, na vinapotea vyote kabla hamjafika kantini, kwa sababu aliyevifanya hakujua kama anavifanya. Aliyekuwa ndani ya kitu hawezi kukiona. Kwa hiyo lazima awepo wa nje, na huyo wa nje asiwe anatoa maoni. Hili lilinichukua muda kulizoea, maana mkono unataka kuandika "nzuri sana" au "hapa alizidisha", na ukishaandika nzuri sana kesho yake hujui ilikuwa nini hiyo nzuri. Andika mkono uko wapi. Andika nani alikuwa kageuka. Na andika kilichotangulia, maana tendo likikatwa kutoka kwa lile lililolitangulia mara nyingi linakufa.

Baadaye nikaongeza safu nyingine kwenye daftari, imetoka wapi. Hii ilikuja kwa sababu ya kina mama.

Lekcha alialika kina mama wawili kutoka upande wa Chamwino waje watufundishe muheme. Kwa msiojua, muheme ni ngoma ya wanawake wa Kigogo, mwanamke anaibana katikati ya mapaja na kupiga kwa viganja, na wanapokuwa wengi kila mmoja ana mdundo wake unaoingia kwenye nafasi walizoacha wenzake, ukisikia kwa mbali unadhani ni ngoma moja kubwa inayoongea yenyewe. Watu wanamjua sana mwanamuziki marehemu Hukwe Zawose na ala zake, zeze na ilimba, alifika mpaka majukwaa ya Ulaya, lakini muziki wa Kigogo una upande huu wa kina mama ambao ukikaa nao karibu kifua kinatetemeka. Mi natokea Manyoni kwa hiyo Kigogo nakisikia, nikawaamkia "mbukwenyi" wakafurahi, mmoja akanikalisha karibu yake.

Kosa la wanafunzi wote lilikuwa moja: mtu anaanza vizuri, halafu anasikia mdundo wa jirani ni mtamu, mikono inahamia kwa jirani, baada ya muda mfupi wote wanapiga kitu kimoja na ngoma imekuwa nyembamba. Mama akasimamisha. Akasema jirani yako msikilize kwa masikio, usimsikilize kwa mikono. Nimesoma nadharia nyingi za uigizaji wa kikundi na sijakutana na maelekezo mafupi yanayofanya kazi kama hayo. Tulikuwa na ugonjwa huo huo kwenye kuigiza, mmoja akianza kuchekesha wote wanachekesha, mmoja akilia wote wanalia.

Sasa kikundi kikapata wazo kali, tupige ule mdundo kwenye madumu matupu! Tukajaribu, aisee, dumu tupu la lita 20 ukilipiga kwa kiganja kwenye kitako linatoa besi ya ajabu. Tukadhani kina mama watapiga vigelegele. Mama mkubwa akauliza kwa upole, mtaupigia wapi, na watakuwepo nani? Akatueleza kwamba ngoma ile ina mambo yake, inahusu shughuli za kina mama na kuwatoa wasichana unyagoni, kuna sehemu inachezwa popote hata mbele ya viongozi na kuna sehemu siyo ya kuchezea. Akaonyesha ipi tuchukue na ipi tuiache, na moja ya tulizoambiwa tuache ndo ilikuwa tamu kuliko zote, wavulana wawili walinung'unika wiki nzima. Mi nikaandika, chanzo: kina mama wa Chamwino, ruhusa: sehemu ya kwanza tu. Na kuanzia hapo nikarudi nyuma kurasa zote kujaza, huyu mguu ni wa dada wa Kondoa, hii sauti ya kondakta ni ya fulani, huu mstari tuliusikia kwa bibi mmoja pale bombani na hajui kama tumeuchukua. Huo wa bibi tulienda kumwomba. Akacheka sana akasema chukueni, lakini mseme vizuri, nilimwambia "mjukuu wangu" siyo "we mtoto".

Kukata ndo kulikuwa kugumu kuliko kutunga. Tulifika mahali tuna vipande vya kujaza karibu saa mbili na kila kipande kina mama yake na baba yake. Kulikuwa na kaka mmoja, kijana wa hapa hapa mjini, anayempenda sana Mathias Mnyampala, na ana haki, maana mzee Mnyampala aliyezaliwa 1917 ni mtoto wa Ihumwa hapo jirani na ndo aliyeikuza ngonjera mpaka nchi nzima ikaijua, wale mliosoma shule za msingi zamani mnakumbuka kusimama mistarini mnajibizana kwa beti. Basi huyu kaka akaona mazoezi yanachelewa, usiku mmoja akakaa akaandika mchezo mzima kwa beti, akautuma kwenye grupu la WhatsApp saa nane usiku na ujumbe "wakuu nimerahisisha kazi". Na ilikuwa nzuri! Vina vimekaa, mizani imekaa. Asubuhi nusu ya kikundi wakasema tuchukue hii tufanye mambo yaishe.

Lekcha hakusema ndiyo wala hapana, alileta kanuni nyingine, kipande chochote kitakachobaki lazima kitetewe na mtu ambaye hakukitunga. Ukimaliza kutetea cha mwenzako ndo unaruhusiwa kutetewa na wewe. Ukimya uliotokea, haki ya nani. Dada wa Kondoa ndo alinyanyuka kutetea ngonjera, na hakutetea yote, alitetea beti mbili tu, akasema hizi ziwe za watu wawili wanaogombania nafasi lakini hawataki kutukanana kwa sababu ni majirani, kwa hiyo wanajibizana kwa adabu huku miguu inasukuma. Ikakaa pale pale. Nyingine zote zikaondoka. Kaka akanuna, tukaona kwenye grupu kaondoka, akarudi baada ya wikendi kama hajaondoka, na siku ya onyesho beti zile mbili ndo zilipigiwa makofi kuliko kitu kingine chochote, hilo alilitaja mpaka mahafali.

Likaja suala la bango. Jina la mtunzi tuandike nani? Hapo nadharia ilisaidia, kwa mara ya kwanza niliona faida ya zile hendauti. Tulikuwa tumesoma kuhusu mchezo wa Afrika Kusini wa mwaka 1972, Sizwe Banzi Is Dead, ambao waigizaji John Kani na Winston Ntshona waliutengeneza pamoja na Athol Fugard na wote watatu wakahesabiwa watunzi, halafu 1975 wale waigizaji wawili wakapewa tuzo ya Tony kwa pamoja kule Marekani. Na hapa kwetu Harakati za Ukombozi ya mwaka 1982 ina majina matatu, Amandina Lihamba, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya. Kwa hiyo siyo jambo geni kwamba mchezo ukawa na watunzi wengi. Hata Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inatambua kazi iliyotungwa na watu zaidi ya mmoja. Tatizo ni kwamba kwenye makaratasi watunzi wanaonekana wamekaa kwa amani, huku sisi tulikuwa na watu watatu ambao mazoezini walikuja mara za kuhesabu, na wanataka majina yao yawe sawa na ya wengine.

Mmoja alinifuata nje ya kantini akanishika bega, "Dada'angu, we niandikie tu nilikuwepo, nani atajua?" Kumbe wanalijua daftari kuliko nilivyodhani. Nikamwambia daftari halina mahudhurio, na kweli halikuwa nayo, lina nani alifanya nini, tafuta ulichofanya nitakuwekea. Akakaa na daftari nje pale kama nusu saa. Akapata kimoja, alikuwa kashika mlango usijifunge na upepo wakati wenzake wanapita na madumu, na ule mlango kushikwa uliingia kweli kwenye mchezo. Nikamwandika. Kwenye bango tulipanga majina kwa alfabeti bila cheo, na wale kina mama wawili wakawekwa mstari wao baada ya kuwauliza wanataka waandikwe vipi, na nauli na posho yao tulichanga bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, lilipotoka.

Onyesho la chuoni lilipita salama, lekcha walikuwepo, alama zikaandikwa, sina la kueleza sana hapo. La pili ndo lilikuwa onyesho. Tulilipeleka bombani kule mtaani, Julai, na mnajua upepo wa Dodoma wa Julai, vumbi linakuja kama lina appointimenti na wewe. Dakika za mwanzo tu sauti zikapotea. Mtu anaongea unaona mdomo. Hapo madumu yakatuokoa, maana mdundo wa kitako cha dumu ulipenya, na ule mguu unaosukuma huhitaji kuusikia. Kina mama wenye madumu yao ya kweli wakasimama, watoto wakakaa mbele chini, boda wawili wakazima pikipiki.

Tulipofika kwenye kusukumana, mzee mmoja wa kanzu na kofia akatoka kwenye watu akaingia katikati kabisa, akashika dumu la kitambaa chekundu akalirudisha mbele, akawageukia waigizaji, "Hili lilikuwa la tatu, nimeliona mimi!" Watu wakashangilia. Na mwanamke mwingine akajibu kutoka nyuma, mzee na wewe jana lako lilikuwa la ngapi? Basi ikawa vurugu tamu. Augusto Boal wa Brazil alitengeneza mbinu kamili miaka ya 70 ya mtazamaji kuingia jukwaani na kubadilisha mchezo, tuliisoma, tulifanyia mtihani, lakini sisi hatukuipanga, ilituingilia tu na kanzu yake. Nikiwa pembeni na daftari niliona kitu cha wazi kabisa: wale waliotunga kwa miili tangu mwanzo walimpokea mzee, wakampa dumu jingine, wakamuuliza "shikamoo babu, na hili la nani?", mchezo ukaendelea ndani ya mchezo. Wale wawili waliojiunga mwishoni na kukariri tu walisimama kama nguzo, wanasubiri mzee atoke ili waseme mstari wao. Kaka wa ngonjera, huyo namvulia kofia, alimjibu yule mama kwa beti aliyoitunga palepale, na upepo ulivyokuwa nusu yake haikusikika lakini kina mama wa mbele walianguka kicheko.

Sasa hivi nasaidia klabu ya wasichana kwenye sekondari moja wilaya ya Bahi, kwa mtindo wa Tuseme, ule mradi ulioanzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996 wa wanafunzi wa kike kusema matatizo yao kwa maigizo. Daftari tunalizungusha, kila wiki anashika mwingine, maana wote wanataka kuwa wakuigiza na hakuna anayetaka kukaa pembeni. Wiki hii liko kwa binti wa form two ambaye kajaza kurasa mbili nzima za nani kachelewa na nani kakopa sabuni ya nani hajarudisha, na mstari mmoja tu wa mchezo: "Alisema hana njaa, huku anakunja mfuko wa maandazi uliokuwa mtupu, akaukunja mpaka ukawa mdogo sana." Jumatatu tunaanza na huo mfuko, na sabuni nayo nimewaambia tuiangalie.